Asmini za Kitambaa Cheupe

Msanii akisimama na wageni hukwangua gundi vidoleni kwa ukucha wa gumba. Kwenye maonyesho yake ya kwanza ya peke yake, mjini Sfax, Tunisia, kuta zote zilikuwa bustani za rangi, waya na asmini za kitambaa cheupe. Mama yake akapapasa ua moja.

"We binti! Hii si shuka yangu ya kujitanda iliyopotea? Na mimi mwaka mzima namwita Bi Monjia mwizi!"

Mwaka huo wote msanii alikuwa akizisikia lawama hizo mezani nyumbani, anaendelea kula bila kukiri. Jirani Bi Monjia alisimama nyuma yao. "Kumbe mwizi unampikia kuskusi mwenyewe," akacheka, akamnyooshea msanii kikuba cha asmini mbichi. Msanii hakukipokea. Aliificha mikono nyuma, akikwangua, na gundi ilishaisha zamani.