Msiba wa Timu ya Marekani

Sijawahi kuiona timu ile ikicheza, wala mpira wenyewe siujui: ule wa Wamarekani, wenye ncha mbili, wa kukumbatiwa na kuangushana chini. Lakini kifo chake nakibeba mimi tangu Guangzhou, kule China, miaka ya tisini ikielekea ukingoni.

Nyuma ya soko la vitambaa la Zhongda kulikuwa na karakana ya bwana mmoja, laoban kama tulivyowaita mabosi wote, aliyenishonea mashati ya shule ya kupeleka Dar. Kazi yake kubwa ilikuwa jezi za timu hiyo, za zambarau, mabega mapana ya kutosha watu wawili. Historia ya timu alikuwa ameibandika ukutani. Picha ya msimu wa kwanza, uwanja umefurika. Ya msimu wa pili, viti vitupu, na jezi zimepunguzwa rangi. Ya tatu haikuja. Ilikuja faksi.

Laoban hakujua Kiingereza, akanipa niisome. Iliandikwa bila huruma: timu imevunjwa, msishone tena. Mkewe aliacha mashine yake akatumiminia chai. Mafundi wengine wameinama wanashona. Niliona aibu kumtupia mtu msiba usoni. Kwetu mfiwa hapigwi na habari. Huambiwa mgonjwa amezidiwa, naye njiani huelewa mwenyewe.

"Laoban, timu inaumwa," nilimwambia kwa Kichina changu cha sokoni. "Hali si nzuri."

"Itapona?"

"Tumuombe Mungu."

Mswahili yeyote angeshaanza kutafuta sanda. Yeye alitabasamu, akanishukuru. Nikapanda ndege nikijiona muungwana. Mjinga mkubwa mimi!

Niliporudi baada ya miezi mitatu, sikupata pa kukanyaga. Jezi za zambarau zilikuwa zimepanda mpaka darini. Alikuwa ameuza gari lake akanunua kitambaa, ili mgonjwa akiinuka akute nguo tayari. Mashati yangu hayakuwa yameguswa.

"Imepona?" aliniuliza kabla sijakaa.

"Imekufa," nilisema. "Ilikuwa imeshakufa siku ile ile."

Hakunifokea, laiti angenifokea. Aliuliza tu, "Wewe ulijua?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akawageukia mafundi, akasema neno moja, na mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine, ya mkewe ikawa ya mwisho. Chai yangu ilikuwa imeshamiminwa. Niliinywa yote, maana sikuwa na pa kuuweka uso wangu.