Ramula wa Trei za Mayai

Kijitabu cha kuadhimisha miaka kumi ya klabu kilikuwa na kurasa ishirini na nne za karatasi inayong'aa, na jina la Ramula halikuwamo hata mara moja. Alikisoma mwanzo hadi mwisho akiwa amesimama mlangoni pa karakana yake mtaani Malukhu, mjini Mbale, rojo la karatasi likimkaukia mikononi. Msichana aliyekileta alimtazama kwa wasiwasi.

Msichana huyo aliitwa Namwase. Alikuwa mwenyekiti wa klabu ya wanafunzi wajasiriamali katika chuo kimoja cha Jinja, na alikuwa amepanda basi hadi Mbale kutafuta mtu wa kuwatengenezea kalibu mpya za kufinyangia trei za mayai. Wauza mayai sokoni hawakumzungusha. "Kama ni trei, wewe enda kwa Ramula," walimwambia. "Yeye ndiye alianza hii kitu."

"Nikashangaa, dada," alisema Namwase. "Maana kitabu kinasema aliyeanzisha klabu ni Mwalimu Geresom."

Kweli kilisema hivyo. Ukurasa wa tatu ulikuwa na picha ya Mwalimu Geresom, suti ya kijivu, trei mkononi. Chini ya picha iliandikwa kwamba mwaka 2014 aliwahurumia vijana wasio na kazi, akabuni trei ya kwanza kwa mikono yake mwenyewe.

"Kwa mikono yake!" Ramula alisema. "Geresom hajawahi kulowanisha hata kidole."

Hakuwa anamsingizia. Mwaka huo Ramula alikuwa na miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo cha biashara kule Nabuyonga. Alikuwa Mnubi, mzaliwa wa Mbale, binti wa mzaliwa wa Mbale, na bado watu walimuuliza kwao ni wapi, kwa sababu tu babu wa babu yake aliletwa na jeshi la wakoloni. Mama yake alifuga kuku. Kila muhula ulipokwisha, chuo kilichoma magunia ya karatasi za mitihani nyuma ya jiko, na moshi wake ulimkera Ramula kuliko mitihani yenyewe. Nyumbani mama alikuwa akibeba mayai kwenye beseni lenye majani makavu, nusu yanafika sokoni yamepasuka. Ramula akaunganisha mambo hayo mawili. Siku moja alimwomba mpishi wa chuo magunia matatu kabla hayajatiwa kiberiti.

Trei za kwanza zilikuwa aibu tupu. Ramula aliloweka karatasi kwenye pipa, akazitwanga kwenye kinu, akabandika rojo juu ya kalibu ya udongo aliyoifinyanga kwa kuweka mayai thelathini safu kwa safu. Zilipokauka alizinyanyua, zikamvunjikia mkononi kama mandazi ya jana. Alirudia mwezi mzima. Dawa aliipata kwa mama yake, aliyekuwa akichemsha wanga wa muhogo wa kunyooshea kanzu za baba. Ramula alichota sufuria ya wanga, akaumwaga kwenye pipa. Trei iliyofuata aliipanda kwa miguu miwili mbele ya wenzake, nayo ikakaa.

Wenzake walikuwa watatu. Aliyekuwa karibu naye zaidi ni Odongo, kijana wa Tororo, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Walikutana kila Alhamisi chini ya ngazi za bweni, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na lugha yake ya nyumbani, mikutano iliendeshwa kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili hicho hicho Ramula alizungumza na wafugaji, madereva wa malori ya kutoka Kenya na mafundi bati, ambao mmoja wao alimkatia kalibu ya kwanza ya chuma. Mwaka ulipoisha klabu yao ilikuwa na wanachama arobaini. Mwaka wa pili shule mbili za jirani zilianzisha klabu zao, na Ramula ndiye aliyekwenda kuzifundisha, kwa miguu, kalibu kichwani.

Hapo ndipo Mwalimu Geresom, aliyefundisha chuoni kwao, alipoiona klabu. Kabla ya hapo aliwahi kuita kazi yao uchafu. Sasa alijiteua kuwa mlezi, akawatafutia chumba na ubao wa jina, na katika mkutano wake wa kwanza akatoa amri moja.

"Kuanzia leo, hapa ni Kiingereza tu. Sitaki kusikia Kiswahili, lugha ya askari. Wazazi wenu walipigwa kwa lugha hiyo, waliporwa kwa lugha hiyo. Hapa si kambi."

"Mwalimu, mafundi na wateja wetu wanaongea hii," Ramula alijibu.

"Wewe ni lazima uitetee. Nyinyi Wanubi ndio mliileta."

Wengine walicheka. Ramula hakucheka, wala hakulia. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na siku zote za utawala wa kijeshi hakushika kitu chenye ncha zaidi ya sindano. Wanajeshi walimpora cherehani yake kama walivyowapora majirani. Lakini angemwambia nani hayo, na kwa lugha gani?

Wageni kutoka mashirika walipoanza kuja, Geresom alimtuma Ramula stoo kuhesabu kalibu. Alizihesabu mara tatu wageni wa kwanza walipokuja. Ziara ya pili alichungulia dirishani, akamwona Odongo akiwaonyesha wageni jinsi ya kumwaga wanga, na Geresom kando yake akieleza. Uchaguzi wa klabu ulipofika, jina lake lilikatwa kwenye orodha kwa kalamu nyekundu. Alipouliza sababu, aliambiwa klabu inahitaji sura itakayowavutia wafadhili. Alimaliza masomo yake akiwa mwanachama wa kawaida, akafungua karakana Malukhu. Klabu nayo ikaendelea kukua: vyuo tisa, kisha kumi na saba, Mbale, Tororo, Iganga, Jinja. Kila mahali walitumia wanga wa mama yake.

Alinyamaza miaka yote hiyo. Kunyamaza huko ndiko kulikomuumiza zaidi aliposhika kile kijitabu.

"Sherehe ya miaka kumi ni lini?" alimuuliza Namwase.

"Jumamosi. Kwetu, Jinja."

"Nitakuja. Kalibu zako pia nitakuja nazo."

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na mapambo ya vitambaa, wafanyabiashara wa Kihindi wa mjini walioalikwa kama wageni wa heshima, na wanafunzi zaidi ya mia mbili waliovaa fulana za kijani. Ramula aliketi safu ya nyuma na gunia lake la kalibu. Geresom alihutubia kwa muda mrefu. Alieleza alivyotwanga karatasi usiku na mchana, alivyokata tamaa, na jinsi siku moja, akila uji wa muhogo, wazo la wanga lilivyomjia.

Ramula alisimama. Hakuwa ameomba nafasi.

"Mwalimu, huo wanga ulikuwa wa kanzu za baba yangu. Aliuchemsha mama yangu, Halima. Wewe ulikuwa unaita kazi yetu uchafu."

Alisema kwa Kiswahili, na sauti yake ilifika mbele. Geresom alitabasamu kama mtu anayeona mlevi harusini. "Huyu alikuwa mmoja wa wanafunzi wetu," aliwaambia wageni kwa Kiingereza. "Tutampa nafasi baadaye."

"Sitaki baadaye. Odongo!" Ramula alinyoosha kidole safu ya kwanza. Odongo alikuwa ameketi pale na tai nyekundu. Siku hizi alikuwa mratibu wa klabu zote, na kijitabu kilimtaja kama mwenyekiti wa kwanza. "Odongo, wewe ulikuwepo. Waambie hawa watoto. Kalibu ya kwanza ilitengenezwa na nani?"

Watu wote walimgeukia Odongo. Aliinama, akaanza kupekua simu yake, kidole kikipanda na kushuka kwenye kioo kilichozimika. Askari wawili wa mlangoni wakamshika Ramula mikono, wakamtoa yeye na gunia lake.

Odongo alimfuata uani. "Dada, unajua mambo ya kazi yalivyo," alisema.

"Sijui. Nieleze."

"Nina familia."

"Na mimi nilizaliwa na jiwe?"

Odongo akarudi ndani.

Ramula alikuwa anafunga gunia ili aende zake stendi pale Namwase alipotoka, nyuma yake wanafunzi kumi na wawili, wengine kumi, wengine tena, fulana za kijani zikajaa uani. Walikuwa wameacha vijitabu vyao vitini. Msichana mmoja alimuuliza kama ni kweli trei zake hazivunjiki ukizikanyaga. Ramula alikuwa bado na hasira, lakini swali hilo lilimfanya acheke bila kutaka. Alitoa kalibu. Walileta ndoo na magazeti ya zamani, na pale pale uani, huku hotuba zikiendelea ndani, akawafundisha.

Geresom hajaomba radhi, na kijitabu hakijasahihishwa. Wiki mbili baada ya sherehe aliandika barua kuifuta klabu ya Jinja kwenye orodha na kuikataza kutumia jina. Wanafunzi walijadili barua hiyo saa nzima, wakang'oa ubao, wakaendelea na kazi bila jina lolote. Walichoandika ni ukurasa mmoja tu wa historia, wenye majina ya wale wanne wa chini ya ngazi, la Odongo likiwemo. Ramula alisisitiza liwemo. "Alikuwepo," alisema. "Mimi siwafanyii watu walichonifanyia."

Jumamosi moja kila mwezi anapanda basi kwenda Jinja kuwafundisha. Hasira yake haijapoa, na anapotaja jina la Geresom bado anatwanga kwa nguvu zaidi ya inavyohitajika. Juzi Namwase alimuuliza kama angemsamehe mwalimu huyo akija kuomba radhi.

"Aje kwanza," Ramula alisema, kisha akamwambia aongeze maji, rojo limekuwa zito.