Mashine ya Mvuke ya Buthaina, na Mvuke Nilioutia Mimi

Mkimaliza kusoma haya mtasema, "Aflah keshaanza tena." Semeni. Hata mimi nikiikumbuka siku ile huona kama nimehadithiwa na mwongo, na aliyekuwepo ni mimi mwenyewe.

Buthaina ni mtoto wa dada yangu Masouda, wa hapa mtaa wa Ghubra. Ana miaka kumi na mbili, na hajapata kukiamini kitu mpaka akifungue aone kilichomo ndani. Alipokuwa na miaka minne aliifungua redio ya babu yake. Alipofika sita, feni. Skrubu zinazobaki huzitia kwenye kopo la hina, na Idi moja Masouda alichota hina akatoka na nati mbili. Akili hiyo kairithi kwangu. Mimi nna duka la vipuri mtaa wa Wadi Kabir, na nimesoma mpaka darasa la sita, ingawa la sita lenyewe nililisomea zaidi nje ya mlango, nimepiga magoti.

Mwaka jana shule yao ikatangaza sherehe ya Halowini, kila mtoto aje na vazi alilolitengeneza mwenyewe. Masouda akakataa palepale.

"Siku ya mashetani hiyo. Mwanangu haendi kujipaka damu."

"Mama, si shetani. Ni stimpanki."

"Ndo nani huyo?"

Buthaina akamweleza: ni mavazi ya kujifanya mtu wa zama za treni za moshi, kofia ndefu, miwani ya mafundi, magurudumu ya saa yamebandikwa kila mahali. Masouda akafikiri, akatoa sharti. Vazi atalitazama yeye kwanza. Likimtisha, gari haliondoki.

Wiki tatu mtoto akafanya kazi. Buibui kuukuu la mama yake likawa kizibao. Bakuli la plastiki la halua likavishwa kitambaa cheusi, likawa kofia. Miwani ya kuchomelea ilitoka dukani kwangu, na hilo naomba liandikwe. Cha mgongoni ndicho kilichokuwa kitu: kopo kubwa la maziwa ya unga, limepakwa rangi ya shaba, lina mikanda, na ubavuni magurudumu manane ya kadibodi yenye meno, kila moja kwenye kijiti kilichoshikwa kwa gundi ya moto. Ukizungusha mpini, ambao ulikuwa wa mashine ya kusagia nyama, la kwanza linalisukuma la pili, la pili la tatu, mpaka la nane likagonga kikengele. Buthaina hakuwa na haja ya zawadi ya vazi bora. Alitaka wenzake wauzungushe mpini ule.

Siku yenyewe, saa tisa na nusu, tunamngoja Masouda amalize kusali Alasiri, nikalitazama lile kopo.

"Buthaina, mashine ya mvuke bila ya mvuke ni nini? Ni kabati."

"Mjomba, usiguse."

Akaenda kuvaa kizibao. Mimi nikagusa.

Nyumba zetu nguo ya kutokea haivaliwi mpaka ifukizwe, kwa hivyo chetezo kilikuwepo na makaa yameshawaka. Nikachukua matatu, nikayatia koponi, nikayatupia udi juu yake, nikalibeba kopo mgongoni mwangu, nikatoka uani. Fundi hujaribu kazi yake kwanza.

Moshi ukatoka, tena wa kunukia! Nikauzungusha mpini, kengele ikalia. Nikajiambia, Aflah, nchi hii imekupoteza. Kisha bati likapata moto. Gundi ikayeyuka, gurudumu la kwanza likaniangukia mguuni, la pili likafuata. Nikayashika mengine kwa mkono, nikaunguza kidole, nikaanza kukimbia kuuzunguka ua, na kila nikikimbia makaa yanapata upepo.

Masouda akatoka na kanga yake ya kusalia. Akamwona nduguye, mtu mzima, anafuka moshi mgongoni, anapiga kelele, anadondosha magurudumu.

"Nilisema nini mie? Haendi mtu!"

"Dada, huyu ni mimi, si vazi!"

"Wewe ndo unonitisha!"

Buthaina keshafika. Hakulia. Akanifungua mikanda, akalimwagia kopo maji, akapiga magoti kuokota magurudumu yake. Alipata saba. La nane nilikuwa nimelikanyaga. Akanitazama mara moja tu, nikaona afadhali ningebaki na makaa yangu.

"Mjomba, kaa pale. Mikono mapajani."

Nikakaa. Miaka hamsini na moja, naadhibiwa kama niko darasa la sita.

Akalikata gurudumu jipya kwenye sanduku la tende. Gundi hakuigusa tena. Alilitoboa bati kwa msumari, akaenda kuleta kopo la hina, akayashikiza magurudumu yote kwa skrubu zile za redio na za feni, moja moja. Masouda kasimama mlangoni. Mtoto alipomaliza, Masouda akamjongelea, akaushika mpini, akauzungusha. Kengele ikalia. Akauzungusha tena.

"Hii kakufundisha nani?"

"Hakuna mtu."

Nikafungua mdomo. Wakanitazama wote wawili. Nikaufunga.

Masouda akainusa mikanda. "Na udi ushaingia. Yallah, vaa, utachelewa."

Sasa hapo ndipo penye hadithi. Tulipoingia ukumbini watu elfu mbili wakasimama, mwalimu mkuu akanishika mkono, akaniambia, "Fundi Aflah, kwa kazi yako hii sisi tume—"

"Elfu mbili, Mjomba?"

Buthaina yuko nyuma yangu, anayasoma haya ninayoandika juu ya bega langu, anatafuna chipsi.

"Elfu na kitu."

"Tulikuwa thelathini na wanne. Na wewe hukuingia."

Haya. Watoto thelathini na wanne, wakapanga foleni kuuzungusha mpini, wengine wakarudi mara tatu, na mimi nilikuwa nje, ndani ya gari, nimelala kifudifudi, kwa sababu mgongo wangu wote ulikuwa umebabu—

"Mgongo haukuungua, Mjomba. Kidole. Kimoja."