Gitaa Bubu la Mwalimu wa Kibondo

Chekeni tu jamani, nimeshazoea. Nilinunua Fesibuku gitaa la umeme, mtumba, kwa mwalimu mmoja wa Kibondo, maana nilishawaapia wanakwaya wenzangu hapa Kasulu kwamba Jumapili nawapigia. Nikalichomeka kwenye spika. Kimya! Mori ukanipanda. Nikamwandika tapeli hukohuko Fesibuku, kwaya nzima ikanisaidia kumtukana.

Jumamosi mwalimu mwenyewe akatokea mazoezini, vumbi hadi kwenye kope. "Lete hapa, mdogo wangu." Akazungusha kitufe kimoja, gitaa likanguruma hadi mabati yakatetemeka. Mimi niliyejifunzia gitaa la kujitengenezea, galoni lenye nyuzi za waya za breki za baiskeli, vile vitufe nilidhani ni urembo!

Mama Neema, kiongozi wetu, akanigeukia: "Yaani mwalimu wa watu nimemwita mwizi, kumbe wewe hujafungua sauti?"