Gari Lililomfikisha Bibi Harusi Kinyumenyume

Wiki iliyopita tulimzika mfanyabiashara mmoja wa Tunduma, mtu wa Tanga aliyefika mpakani akiwa kijana na asirudi tena kwao. Huenda jina lake hamkulijua, lakini gari lake wengi wenu mlilijua: sedani nyeusi ya kifahari, kuukuu, iliyolala imesimama vizuri na kuamka imepiga magoti kwa sababu shokapu zake za upepo zilivuja. Aliwasha injini, akasubiri linyanyuke taratibu, ndipo akaondoka.

Kabla hujapanda, alikutajia maradhi yote ya gari. "Kioo cha kushoto kikishuka hakipandi. AC imekufa. Mlimani litachemka, tutateremka tupige soga mpaka lipoe. Upo tayari?" Ukishakubali, huna la kulalamika. Mimi nilikubali siku binti wa kaka yangu alipoolewa Mbozi Mission, marehemu akajitolea kumpeleka bibi harusi kanisani. Tulipoanza kuliona kanisa, giaboksi ikagoma. Gia za mbele zote zilikataa, ikabaki rivasi peke yake. Tukalisukuma gari likageuka, matako yakaelekea kanisani. Kaka yangu akashuka kwenye gari la nyuma amefura.

"Mwanangu haingii kanisani kinyumenyume! Huo ni mkosi."

"Kaka, usikasirike," marehemu akamjibu kwa upole. "Mabinti wengine hufika wamewapa wazazi mgongo. Wako atafika anakutazama."

Bibi harusi akachungulia dirishani. "Baba, mwenzangu ananisubiri. Naomba twende."

Basi tukaenda. Gari likarudi nyuma polepole, kwaya ikilifuata kwa nyimbo, na kaka yangu akitembea mbele ya boneti, uso kwa uso na mwanawe. Alianza amenuna, akaishia kucheka huku anafuta machozi. Baadaye mabibi harusi wa Vwawa wakawa wanaomba nao wapelekwe vile vile. Aliwakatalia wote: "Giaboksi imeshapona. Mnataka nidanganye watu?"

Nimemfikiria sana wiki hii. Siku hizi anayeuza gari huzima kwanza taa za dashibodi zinazoonya ubovu, kisha analing'arisha. Nasi tukiulizwa hali tunajibu "salama tu", hata tukiwa tumetoka kwa daktari na habari mbaya. Yeye hakuwa hivyo. Moyo ulipoanza kumsumbua alitupigia simu mmoja mmoja: "Moyo wangu umechoka, daktari hajanificha. Njooni tuongee nikiwa bado nina pumzi ya kucheka." Tukaenda, Waislamu na Wakristo. Wa Kamsamba walikuja na mchele, kaka yangu akaja na kahawa ya shambani kwake, na kile chumba cha mgonjwa kikawa na kelele kuliko kijiwe.

Ndiyo maana msibani sikumsikia mtu akisema laiti angejua. Tulijua, na tulikuwa tumeshaagana naye. Ndugu msomaji, kama kuna kinachokuuma, waambie watu wako mapema, wangali wanaweza kuja kukaa nawe.