Kilemba Chini ya Helmeti

Mama alikuwa amekwisha kukasirika kabla hatujafika kwenye steji ya bodaboda ya Mountain View. Tukiwa bado nyumbani nilimuuliza kama kilemba chake hakiwezi kutiwa kwenye mfuko, akakivaa akifika kanisani. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa atembee uchi hadi Kabiria, avae nguo mlangoni.

"Kilemba hakibebwi," alisema. "Kinavaliwa."

"Nani alisema?"

"Muone huyu. Tulimpeleka chuo kikuu akajifunze kuuliza nani alisema."

Kilemba cha kanisa letu si kitambaa tu. Ni nguo nyeupe iliyotiwa wanga na kupigwa pasi, ikazungushwa juu ya kipande cha katoni ili isimame kichwani kama chungu. Huombewa kabla ya kuvaliwa, na mwanamke akishakifunga nyumbani hakivui mpaka arudi. Jumapili hiyo Mama angetangulia wanawake wote katika maandamano, mara ya kwanza tangu atoke magharibi kuja Nairobi. Alikuwa amekaa mbele ya kioo mpaka chai ikapoa. Mimi niliacha kuamini nikiwa chuoni. Nilimsindikiza kwa sababu aliniomba, na kwa sababu ya bodaboda.

Miezi michache kabla ya hapo, mama mmoja wa kwaya alianguka kutoka kwenye pikipiki karibu na soko la Kawangware. Pikipiki haikuwa hata na mbio. Aliinuka, akajipangusa, akacheka, akaenda mazoezini akaimba. Jioni alisema kichwa kinamgonga, akajilaza, hakuamka. Kanisani wakasema siku yake ilikuwa imefika. Niliuliza imefikaje, kwa njia gani, na kwa kuwa hakuna aliyenijibu nikasoma mwenyewe, saa za chakula cha mchana, katika ofisi ninayofanyia kazi katikati ya jiji. Nilisoma kwamba mshipa unaweza kupasuka ndani ya fuvu bila tone la damu kuonekana nje. Mtu akaendelea kutembea na kuzungumza huku damu inajikusanya na kuubana ubongo. Dalili ni kichwa kuuma, usingizi, kutapika, maneno yasiyo na mpango. Tangu nisome hayo, kila Mama alipopanda bodaboda nilitaka niwe nyuma yake.

Steji ilikuwa na waendeshaji wawili. Wa kwanza aliitoa helmeti ya abiria mahali anapoiweka siku zote, kwenye kiwiko cha mkono, kama mwanamke anavyobeba kikapu.

"Mathe, vaa hii. Kuna makarao wamesimama hapo mbele."

"Imevaliwa na nani hiyo?"

"Na kila mtu, mathe. Ni ya umma."

"Hata walevi?"

"Walevi ndio wateja wa Jumapili asubuhi!"

Mwenzake akacheka mpaka akaegemea pikipiki. Mama hakucheka. "Sasa jasho la mlevi nikaliweke juu ya kitu kilichoombewa?"

"Mama, basi tutembee," nilisema.

"Na hizi ngoma zinazonisubiri?"

"Mathe, sikiza," alisema yule wa kwanza, kwa sauti ya mtu anayeuza kitu. "Si lazima uifunge. Iweke tu hapo juu, ushikilie na mkono. Tukipita makarao utaitoa."

"Haifanyi kazi hivyo," nilisema. "Isipofungwa kidevuni itamtoka kabla hajafika chini."

"Bosi, hii ni helmeti ya karao, si ya kuanguka. Nani amekwambia tunaanguka?"

Mama aliipenda hiyo. Ilimpa njia ya kushinda pande zote mbili. Akatoa leso mkobani, akaitandika juu ya kilemba ili jasho la watu lisikiguse, akaiweka helmeti juu ya hayo yote. Ilikaa kileleni kama sufuria juu ya mafiga. Kamba zilining'inia pembeni ya masikio, hazingeweza kufika kidevuni hata angetaka. Aliishika kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ndio uliobaki wa kumshika dereva. Pikipiki ikaondoka kabla sijamzuia.

Nilipanda ya pili, nikafunga yangu mpaka ikanikaba koo. Njia nzima sikuona kitu kingine isipokuwa ule mkono wake ulioinuliwa. Kila tuta la barabara, helmeti ilipanda na kushuka, mkono ukaifuata. Tuliwapita polisi. Hawakututazama mara mbili. Machoni mwao Mama alikuwa abiria mwenye helmeti. Nilimwambia dereva wangu aisogelee ile ya mbele ili nimpigie Mama kelele aitupe, ashike kwa mikono miwili. Hata hiyo, niliwaza, ingekuwa afadhali.

"Tulia, bosi. Yule jamaa ni fundi."

Tulipita Kawangware, tukaanza kuteremka kuelekea Kabiria. Hapo mkokoteni wa mitungi ya maji ukatokea kwenye kichochoro, mwenye mkokoteni akiukimbilia mwenyewe maana ulikuwa umemshinda nguvu. Dereva wa Mama alifunga breki. Hakugonga kitu. Alisimama vizuri kabisa, kama fundi. Kisha, kwa hofu kwamba mkokoteni ungemfikia, akaongeza mwendo ghafla kuruka pembeni, na Mama, mwenye mkono mmoja hewani, akabaki nyuma. Aliteleza kwenye kiti, akaangukia mgongo. Helmeti ilikuwa imekwisha kumtoka. Niliiona ikibiringika mtaroni peke yake. Kisogo chake kiligonga ukingo wa lami.

Nilipomfikia alikuwa ameketi. Mikono yake ilikuwa kichwani, nikadhani ni maumivu. Kumbe anakinyoosha kilemba.

"Hakijaharibika?" aliniuliza.

"Mama, usisimame."

"Hakuna damu," watu waliokusanyika walisema. "Pole, mama. Hakuna damu." Dereva wake alilirudia neno hilo kwa kila aliyefika, kama risiti. Muuza mboga mmoja alileta maji. Nilizigusa nywele za kisogo chini ya kilemba. Palikuwa na uvimbe mdogo.

"Leo ni siku gani?" nilimuuliza.

"Jumatano. Ndiyo maana nimevaa hivi." Watu wakacheka. "Ni Jumapili, baba. Nipe mkono."

Huniita baba kwa sababu nina jina la baba yake. Nilimwambia twende hospitali. Akasema tutaenda, baada ya ibada. Nikamkumbusha mama wa kwaya. Uso wake ukafungika.

"Yule siku yake ilikuwa imefika."

"Na yako utaijuaje?"

"Sitaijua. Wewe utaijua?"

Alianza kutembea. Alitembea wima, alisema kwa ufasaha, alijibu kila swali na kuongeza tusi dogo. Nilikuwa na nini cha kumpinga, zaidi ya mambo niliyosoma kwenye kompyuta nikila chapati? Nilimfuata.

Kanisani wanaume hukaa kulia na wanawake kushoto, na katikati kuna njia ambayo mwanamume haikanyagi sala ikishaanza. Viatu huachwa nje. Nilikaa ukingoni kabisa, mahali ningeweza kumwona. Maandamano yalikwenda vizuri. Alitangulia wanawake kuuzunguka uwanja, ngoma nyuma yake, uso umenyooka, na kwa muda nilidhani labda mimi ndiye mwenye tatizo.

Halafu wakapiga magoti kuomba, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Dalili nilizozisoma zilikuwa mbele yangu, kwa wanawake wote. Mmoja aliyumba. Mmoja alilala sakafuni. Mmoja alisema maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa, na mwingine alishika kichwa kwa mikono miwili akilia. Mtu akitaka kuficha ubongo unaobanwa, hatapata mahali pazuri kuliko pale. Mama alikuwa amefumba macho. Alikuwa anaomba au anasinzia? Kichwa chake kiliinama, kikarudi, kikainama tena. Mkono ulipanda ukabonyeza kisogo.

"Funga macho, kijana," mzee aliyekuwa kando yangu alininong'oneza.

"Namtazama mama yangu."

"Mungu anamtazama. Wewe funga."

Sikufunga. Mama aliinuka peke yake katikati ya waliopiga magoti. Akageuka upande wa ukuta mtupu, akasema kwa lugha ya kwetu, kwa sauti kubwa, kama mtu anayeita kutoka jikoni, "Ng'ombe wamerudi?"

"Haleluya!" wanawake waliitikia.

"Ng'ombe wamerudi? Mbona mlango uko wazi?"

Ngoma ikashika kasi. Mwanamke mmoja alisimama kando yake kuyatafsiri maono: ng'ombe ni baraka, mlango ni wa mbinguni, uko wazi kwa wote. Mama hajafuga ng'ombe tangu alipokuwa msichana kwao. Nilivuka.

Nilisikia upande wa wanaume ukiguna. Mama mmoja mnene, msimamizi mwenye fimbo nyeupe, aliiweka fimbo kifuani mwangu.

"Unaenda wapi? Huku ni kwa akina mama."

"Huyo ni mama yangu. Ameanguka na pikipiki asubuhi, amegonga kichwa."

"Amezunguka uwanja mzima mbele yangu. Roho anasema naye, mwache amalize."

"Muulize leo ni siku gani."

"Kijana, utamuuliza Roho maswali ya shule?"

Niliisukuma fimbo. Nilimshika Mama mabega, nikamgeuza, nikamuuliza mwenyewe, siku gani leo. Alinitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni. Jicho lake moja lilikuwa na mboni kubwa kuliko la pili.

"Wewe ni mtoto wa nani?" aliniuliza. Kisha akatapika kwenye kanzu yake nyeupe na kwenye miguu yangu.

Mfasiri alinyamaza katikati ya sentensi. Wengine waliendelea kuitikia, maana hawakuwa wameona. Msimamizi mnene aliangalia sakafu, akamwangalia Mama usoni.

"Roho hatapishi mtu," alisema. Akaitupa fimbo. "Nyamazisheni hizo ngoma! Wewe shika kichwa, kisicheze. Mimi nashika miguu."

Mhubiri ndiye aliyeleta gari lake hadi mlangoni. Hakuuliza lolote ila mahali Mama alipoangukia, na mbio zilikuwa za kiasi gani. Njia nzima kwenda mjini aliomba kwa sauti na kupiga honi, vyote pamoja. Mimi nilikuwa nyuma, kichwa cha Mama kati ya viganja vyangu, nikimwita kila alipofumba macho. Mwanzoni aliitikia. Tulipoipita Valley Road alikuwa anakoroma, na ule haukuwa mkoromo wake.

Daktari alikuwa kijana wa umri wangu. Aliuliza kama alikuwa na helmeti.

"Alikuwa nayo."

"Alikuwa nayo, au alikuwa ameivaa? Imefungwa hapa?" Aligusa kidevu chake.

"Alikuwa ameishika."

Walikata kilemba kwa mkasi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na muda wa kukifungua, na kile kipande cha katoni kikaanguka kitandani, kikiwa na herufi za kampuni ya sabuni. Picha ya kichwa ilionyesha damu kati ya fuvu na ubongo. Alisema lazima wafungue sasa hivi. Nilitia sahihi. Kisha nikamuuliza, maana siwezi kujizuia, kama helmeti iliyofungwa ingezuia hilo.

"Unataka niape kwa kichwa kimoja?"

"Nataka ukweli."

"Siwezi kumwangusha mara ya pili nione. Lakini wanaofika hapa wakiwa wamezifunga, wengi wao huja wakilia mguu, wakilia mkono, wakitukana aliyewagonga. Wanaongea nami. Ile helmeti huila ngumi kwanza, ndipo ifike kwao. Wasiozifunga huletwa wakikoroma." Akaenda.

Tulingoja kwenye benchi, mimi na mhubiri, na baadaye wanawake wa kanisa waliofika na kanzu zao, hata wauguzi wakawa wanawapisha. Msimamizi mnene alikaa karibu nami. Aliniuliza zile dalili ni zipi. Nikamtajia. Aliniambia nizirudie polepole, akazisema baada yangu, kwa kunong'ona. Halafu akasema kwamba mama wa kwaya, ile jioni, alikuwa amefika kwake kumtembelea. Alisema kichwa kinamgonga, naye msimamizi akamtandikia kitanda.

Mama aliishi. Siku alipoanza kusema sawasawa alikuwa amenyolewa nusu ya kichwa, bendeji nene, midomo imekauka. Aliniambia nimsogelee.

"Wananiambia ulivuka upande wa wanawake."

"Nilivuka."

"Sala ikiendelea?"

"Ikiendelea."

Alifikiri. "Na hiki kichwa kimepasukaje, wakati nilikuwa nimevaa helmeti?"

"Hukuwa umeivaa, Mama. Ulikuwa umeishika."

"Nilikuwa nimeivaa. Ilikuwa hapa." Aliinua mkono wa kulia, wenye sindano ya maji, akauweka juu ya bendeji, kiganja bapa, vilevile. Ukabaki hapo. Nilimwona akitafuta kamba kwa vidole vya mkono wa kushoto pembeni ya sikio, akishuka nazo, hadi hewani, ambako ziliishia.

"Aa," alisema.