Karatasi ya Pili ya Koko Feza

Mwanangu Neema, siku ninayoikumbuka kuliko zote katika kazi yangu ya chama si siku tuliyoshinda. Ni asubuhi moja ya Novemba hapa Louisville, katika ukumbi wa michezo wa shule moja ya Newburg, nilipofundwa na bibi asiyejua kusoma. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, nina mke, nina watoto, na kanisani nilipewa kiti cha mbele. Lakini katika mambo ya kura nilikuwa kijana mbichi, uraia wangu haujafikisha hata mwaka.

Nakusimulia kwa sababu ya ujumbe wako wa juzi. Uliandika kwa Kiingereza, kama kawaida yenu, kwamba koko wako, mama mkwe wangu, amekwisha kuapa uraia huko Buffalo, na kwamba siku ya uchaguzi utampeleka kupiga kura ya kwanza ya maisha yake. Hapo nilifurahi hadi machozi. Kisha ukaomba nikutumie orodha: jina la kumchagua kwa kila kiti, ndiyo au hapana kwa kila swali la jimbo, ili umjazie upesi uwahi kazini Amherst. Nduguyo Baraka akadakia kutoka Columbus, "Na mimi nitumie, Baba." Mkadhani kwa kuwa baba yenu ni mtu wa chama, orodha anayo mfukoni. Ninayo kweli. Lakini sitaituma, na usininunie kabla hujasikia sababu.

Mwaka ule chama kilikuwa kimenipa uwakilishi wa mtaa wetu. Kazi yenyewe ni kugonga milango, kugawa karatasi na kukaa katika mikutano yenye kahawa iliyopoa, ila mimi nilijiona waziri. Mkubwa mmoja wa chama alinipiga bega akasema amesikia watu wetu wa Kongo wakiambiwa jambo na mtu wao hupiga kura kwa umoja. Nikavimba. Nikaahidi kuwaleta watu arobaini. Hakuna aliyenitajia idadi, ni mdomo wangu tu.

Nikaandika orodha kwa Kiswahili, nikaitoa nakala, nikaigawa nje ya mlango wa kanisa baada ya ibada. Majina yote ya chama chetu yalikuwepo. Chini kabisa niliandika swali la jimbo la mwaka ule, lililouliza kama mahakimu wa mahakama za chini waongezewe muhula, kutoka miaka minne hadi minane. Mbele yake nikaweka: ndiyo. Kwa nini ndiyo? Kwa sababu kwenye mkutano walisema ndiyo. Swali lenyewe sikuwa nimelisoma, na asubuhi ile saa kumi na mbili nilikuwa wa kwanza mlangoni, nikapiga kura yangu kwa kufuata orodha yangu mwenyewe, nikatoka nikiwa nimeridhika.

Kisha nikawapakia wazee wanane kwenye gari la kanisa. Wa kwanza kushuka alikuwa Koko Feza. Unamkumbuka, yule aliyekuwa akikubana shavu baada ya ibada na kukuuliza kama umekula. Alivaa kitenge kipya, juu yake jaketi kubwa la mjukuu wake Esther, na mkononi alikuwa na pochi yenye Biblia asiyoweza kuisoma lakini aliyezijua kurasa zake kwa picha na mikunjo. Alikuwa amepita sabini. Hakuwahi kupiga kura popote duniani.

Kwa kuwa hakujua kusoma, sheria ilimruhusu achague mtu wa kumsaidia, naye akanichagua mimi. Nikapewa fomu. Inasema msaidizi anaapa kujaza kama mpiga kura anavyotaka, si vinginevyo. Nikaweka sahihi bila hata kuvuta pumzi. Tukasimama kwenye kimeza chenye kuta za karatasi ngumu, mimi na kalamu, yeye na macho yake.

Viti vya juu nilivijaza mbio. Nilikuwa nasoma jina moja tu, la kwetu, namwambia, "Huyu ni mzuri, Koko," naye anaitikia kwa kichwa. Foleni ilikuwa inarefuka na wazee saba wanasubiri garini. Tukafika kwenye swali.

"Hapa wanauliza kama mahakimu waongezewe miaka ya kukaa kwenye kiti," nikasema.

"Waongezewe? Juu ya nini?"

"Ni watu wazuri, Koko. Nitakueleza garini."

Akafikiri kidogo. "Miye nasema hapana," akasema.

Nilisikia, mwanangu. Ningetaka kukudanganya ningesema kulikuwa na kelele, lakini nilisikia vizuri kabisa. Nikajiambia bibi huyu haelewi mambo ya hapa, akielewa atakubali, na mimi namfanyia wema. Akili nyingi huondoa maarifa. Nikajaza duara la juu.

Koko Feza aliangalia wino. Nilichokuwa sikijui ni kwamba wiki nzima Esther alikuwa akimchorea maduara mezani jikoni, juu ndiyo, chini hapana. Majina asingeweza kuyasoma, lakini juu na chini aliyajua.

"Umejaza ya juu," akasema, polepole, bila ukali.

Nikaifunika kalamu kifuniko chake.

"Ile ya juu njo ya nini?"

Ningeweza kudanganya. Mpaka leo nashukuru kwamba ulimi ulikuwa mzito. "Ni ndiyo, Koko," nikasema.

Hakunipigia kelele. Aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaelekea kwenye meza ya wasimamizi, na mimi nyuma yake. Pale akakwama, maana Kiingereza hakukijua, na katika ukumbi ule mkalimani wake alikuwa mmoja tu. Akanigeukia. Nilihisi jasho mgongoni na nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Nilijua akisema kweli, nitaitafsiri kweli, na kazi yangu ya chama itaishia hapo, labda na uraia wangu niliokuwa naulinda kuliko yai.

"Waambie kalamu ya kijana wangu iliteleza," akasema. "Wanipatie karatasi ingine."

Nikatafsiri. Mama wa mezani, mwenye miwani iliyoning'inia kwenye mnyororo, akatabasamu, akaiandika ile ya kwanza kuwa imeharibika, akatoa ya pili. Akasema hutokea kila siku. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na mimi pale nilichutama ndani ya moyo wangu, kwa aibu na kwa kumpenda yule bibi aliyenifunika.

Tuliporudi kwenye kimeza nikamnyooshea mkono apate kunipa karatasi. Badala yake akanyoosha wake. "Kalamu," akasema.

Akaishika kama anayeshika mwiko wa bugali. "Soma. Yote. Usiruke."

Nikasoma. Kila kiti, kila jina, la chama chetu na la wengine. Kila mara aliuliza, "Huyu alifanya nini?" na mara nyingi, mwanangu, mimi mtu wa chama sikuwa na jibu. Kuna kiti alikiacha wazi kabisa. "Simujui, hajanijua. Tuache," akasema. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kuacha. Tulipofika kwenye lile swali nikalisoma neno kwa neno, nikimtafsiria, na hapo ndipo niliposikia kwa masikio yangu mwenyewe lilichosema. Lilikuwa na mambo mawili au matatu ambayo kwenye mkutano hayakutajwa. Koko akajaza duara la chini, taratibu, hadi likawa jeusi tii. Viti vingine alivyojaza ni siri yake. Hilo la mahakimu nalisema kwa kuwa yeye mwenyewe alilitangaza kanisani Jumapili iliyofuata.

Tulichukua karibu dakika arobaini. Wale saba garini walinuna, kisha mmoja mmoja nikawasomea vilevile wale walionitaka, kalamu mkononi mwao. Tulimaliza mchana. Kati ya arobaini niliowaahidi wakubwa, nilileta wanane. Walinicheka mkutano mzima, na nilistahili.

Nilipomrudisha Koko nyumbani nilitaka kumshusha mlangoni nikimbie. Akanivuta ndani. Esther alikuwa kazini, kwenye ghala. Akapasha sombe ya majani ya muhogo na samaki wadogo wa ndakala, akasonga bugali, akanisukumia sahani. Alingoja nile nusu ndipo akasema. Wazee wetu walijua kwamba neno chungu halimezwi kwa njaa.

"Siku za chama kimoja, chef wa kijiji alikuwa anatupanga kwa mustari mu kiwanja," akaanza. "Anasema jina, sisi tunapiga makofi. Wanasema ile makofi njo kura. Nilipiga makofi mpaka mikono ikavimba. Kisha wale tulipigia makofi wakaomba waongezewe miaka. Wakaongezewa. Wakaomba tena. Bon, vita ikakuja, nikavuka Tanganyika na watoto wawili, mmoja akabaki mu maji. Mu kambi nilikaa miaka kumi na nane, watu wananiandikia jina kwenye makaratasi sijui yanasema nini. Leo njo siku ya kwanza watu waliniuliza, Feza, weye unasema nini? Nikasema. Na weye, mutoto wa kanisa, ukasikia, ukaandika ya kwako."

Nikaisukuma sahani kando. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia pia kwamba asubuhi ile nilikuwa nimekwisha kupiga kura yangu, nikasema ndiyo kwa swali nisilolisoma, na sasa nimelisoma sina njia ya kuirudisha.

Akaniangalia kwa huruma kabisa, huruma niliyoona ni nzito kuliko kofi. "Donc, hata weye leo hukupiga," akasema. "Walikupigia."

Kisha akaniongezea sombe.

Tangu siku hiyo, kila uchaguzi mimi humpitia Koko Feza asubuhi, naye kila mara hunisomesha karatasi nzima. Esther angeweza kumpeleka, anasoma kunishinda, lakini Koko anasema mimi bado sijahitimu. Kwa hiyo mwakilishi wa chama anakwenda na majibu tayari, maana lazima ataulizwa huyu alifanya nini. Siri ya sifa yangu nzuri chamani ni hiyo, namwogopa bibi wa miaka themanini na zaidi.

Sasa umeniuliza maoni, na mimi si mtu wa kukosa maoni. Hapa kwetu mwaka huu kuna swali la kuongeza siku za kupiga kura mapema. Nitasema ndiyo, kwa sababu vituo vyetu hufungwa saa kumi na mbili jioni, na nawajua watu wetu wengi wanaotoka ghalani saa moja. Swali la pili nimelisoma mara tatu na bado linanipinda. Nisipolielewa hadi siku yenyewe, nitamwiga Koko, nitaliacha. Mgombea wetu wa bunge la jimbo ni wa chama changu, nitampigia, na nitagonga milango kwa ajili yake hadi viatu viishe, lakini nakwambia wewe kama mwanangu kwamba anaahidi kuliko anavyotenda. Mpinzani wake anakuja kanisani Oktoba tu, akijifunza kusema "jambo" upya kila mara. Hayo ni maoni yangu, na nimeyatolea jasho.

Lakini hayo ni ya Kentucky. Maswali ya New York sijayasoma, wala ya Ohio ya Baraka. Nikikutumia orodha nitakuwa nimeokota maneno ya mkutano wa watu wengine, wewe uyaokote kwangu, koko wako ayaokote kwako, na mwisho wa safari hakuna hata mmoja wetu atakayekuwa amepiga kura. Mwambie Baraka hivyo. Mwambie pia haraka haraka haina jina lake.

Kwa hiyo nisikilize, Neema wangu. Wiki hii tafuta mfano wa karatasi ya kura ya mtaa wenu wa North Buffalo, keti na koko wako mezani, usome. Ukikwama kwenye neno nipigie, tutalitafuta pamoja, Kiswahili chako kilichojaa Kiingereza na Kiingereza changu kilichojaa Kiswahili vitakutana katikati. Akikuuliza maoni yako mpe, wewe ni mtu mzima, lakini mpe kama maoni. Kazini omba ruhusa ya kuchelewa. Ile fomu ya msaidizi isome kabla ya kuweka sahihi. Na mkifika kwenye swali ambalo yeye anasema hapana na wewe moyo wako wote unasema ndiyo, huo ndio wakati wa kuchunga mkono wako. Najua utakavyojisikia. Utajiona unamfanyia wema.

Amevuka mengi kufika kwenye kimeza kile, mwanangu. Nakuomba usimpunguzie hatua ya mwisho.

Mungu akutulize mkono, akupe sauti ya kusoma polepole na uso usioonea haya foleni. Ambariki koko wako, aiweke alama yake akiwa na afya na akili timamu. Na siku utakapokuwa wewe ndiye bibi, macho yamefifia na wote wana haraka, akupe mtoto atakayekusomea mstari kwa mstari, kisha akuachie kalamu.